Papasi Si Kupe

Siku yangu ya mwisho kazini, kijana aliyerithi meza yangu aliniuliza, "Mzee, hivi tone nene la damu bado linapimwa?" Swali hilo ndilo limenikalisha kuandika.

Nimezaliwa Mirongo, Mwanza, karibu na mto wenye jina hilohilo. Jioni tulikuwa tukiwasaka kalunguyeye kwenye mawe. Masikioni wamejaa kupe. Bibi alinikataza kuwaingiza ndani: "Utatuletea homa." Shule, chuo cha maabara, ajira, hayo yalipita haraka.

Aliyenifundisha kazi tulimwita Mwalimu. Nilipomweleza habari ya kalunguyeye, alinichukua hadi nyumba ya udongo ya mgonjwa wetu, akachokonoa kwa kijiti ufa wa ukuta nyuma ya kitanda. Akadondoka mdudu wa rangi ya vumbi, ngozi yake ina makunyanzi kama kiatu kikuukuu, kichwa kimefichwa chini ya kiwiliwili. "Kupe anang'ang'ania mwilini siku kadhaa, utamwona," alisema. "Papasi anakuja usiku, anafyonza, anarudi ufani hujaamka." Robert Koch alipokuja huku mwaka 1905, enzi za Wajerumani, alikuta vimelea vya homa ya papasi hadi ndani ya mayai ya mdudu huyo. Mama anawarithisha wanawe. Kalunguyeye wa bibi hakuhitajika.

Kuna kesi moja ambayo bado inanikereketa. Alikuja mjamzito, homa inapanda, inaacha siku kadhaa, inarudi. Kipimo cha haraka kilisema hana malaria, akapewa dawa za malaria hivyohivyo, mara mbili. Nilimtoa damu akiwa anatetemeka, nikapaka tone nene, nikalitia rangi ya Giemsa. Katikati ya chembe nyeupe zilionekana nyuzi nyembamba zilizojisokota, mfano wa nywele fupi za kipilipili. Daktari wa zamu akasema ni uchafu wa rangi. Nikaandaa tone bichi: chembe nyekundu zilikuwa zinasukumwa huku na huku, na uchafu hausukumi kitu. Nikamwomba aje aangalie. Hakuja. Mimba ilitoka usiku wa pili, dawa ikabadilishwa asubuhi yake. Kutambua homa ya papasi si rahisi, hilo namsamehe. Kukataa kuinama kwenye lenzi sijamsamehe mpaka leo.

Vijana wangu, kipimo cha haraka kinajibu swali la malaria tu. Chukueni damu homa ikiwa juu. Ikishuka, vimelea vinapungua hata msivione. Pitieni kioo chote, taratibu. Na mgonjwa wa homa ya papasi akishapewa dozi ya kwanza ya dawa yake msimwache peke yake, maana saa chache baadaye anaweza kutetemeka vibaya na presha ikashuka.

Yule kijana sikumjibu kwa mdomo. Nilifungua kitambaa nilichohifadhia kioo cha yule mama, nikakiweka kwenye hadubini, nikampisha kiti. Akazungusha skrubu ndogo, akatulia muda mrefu jicho likiwa kwenye lenzi.

"Mzee," akaniuliza, "huyu alikuwa analala wapi?"