Funguo Ziko kwa Mkutubi

Ukitaka kujua wanachuo tunasoma nini, usiende maktaba. Nenda steshenari nje ya geti. Pale ndipo madesa yanapotolewa kopi, yaleyale ya mwaka juzi, na mistari ya kalamu ya watu waliokwishahitimu.

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa kilimo, alikataa kuishia hapo. Utafiti wake ulihusu michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mihogo ingali ardhini. Kijijini kwao ulishaleta njaa. Akaingia intaneti, akaipata makala aliyoitaka. Kubonyeza tu, anadaiwa dola 30 na ushei! Bumu lilishakata zamani.

"Nabadili mada," akasema.

Iliniuma. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu mwaka 1936, hapahapa kwetu, Amani, mkoani Tanga. Muhogo wetu, njaa yetu, halafu kuusoma mpaka dola?

Kumbe njia ilikuwepo siku zote. WHO ilianzisha Hinari mwaka 2002 kwa majarida ya tiba, na FAO ikafuata na AGORA mwaka 2003 kwa majarida ya kilimo. Vyuo vya nchi zenye kipato kidogo huyapata bure au kwa ada nafuu. Ila funguo hukabidhiwa chuo. Ukiingia kivyako kwa simu, mchapishaji hakujui, anakuona mteja kama wateja wengine. Ukipitia maktaba ya chuo, kwa nywila yake, anakufungulia. Tofauti ni hiyo tu, bwana.

Mkutubi alimwelekeza rafiki yangu kwa dakika chache. Makala ikafunguka, na mada haikubadilishwa. Nikauliza, mbona hatuambiwi? "Tangazo si lipo?" akajibu. Kweli lilikuwepo: limebandikwa ndani ya maktaba, kwa Kiingereza, nyuma ya mlango.

Wazee wetu husema vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Sikubali. Nani atateka maji kwenye kisima asichoonyeshwa? Wiki ya kwanza chuoni tunaonyeshwa benki, bweni na kantini. Saa moja ya kuonyeshwa majarida hayo ingemzuia nani kula?

Basi wewe uliye mwaka wa kwanza, usingoje kutangaziwa. Kesho asubuhi kamwulize mkutubi swali moja tu: nywila yetu ni ipi?