Pishi na Sanduku la Kura

Wasomaji wetu mlioona msimu wa karafuu hapa Pemba mwajua jinsi mchumaji apokeavyo ujira wake. Jioni karafuu zake hupimwa kwa pishi mbele ya macho yake, naye huhesabu pamoja na mwenye kupima. Akiambiwa nane, naye ameona nane, huenda zake pasipo neno, hata kama alitumaini kumi. Lakini zikipimwa gizani, hata akipewa kumi atanung'unika usiku kucha.

Sisi walimu hukumbuka pishi kila uchaguzi ujapo, kwa kuwa madarasa yetu ndiyo yageuzwayo vituo vya kura. Na kura si kitu kidogo kisiwani humu. Mwezi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Kwa hiyo moja Afro-Shirazi ikawa na viti 10, na Hizbu 9.

Wako wasemao kwamba Wapemba hawajui kushindwa. Hutaja Januari 2001, ambapo ugomvi wa uchaguzi wa 2000 ulileta mauaji, na watu wengi wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Walakini hawataji mwaka 2010. Mwaka huo Maalim Seif Sharif Hamad alipata asilimia 49.1, na Dk. Ali Mohamed Shein (naye Mpemba vile vile!) 50.1. Maalim Seif alikubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, kwa maana katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai watu walikuwa wamekubali serikali ya pamoja. Hapakuwa na vita.

Kisha ukaja mwaka 2015. Tarehe 25 Oktoba watu walipiga kura kwa utulivu, zikahesabiwa vituoni, hati za matokeo zikabandikwa. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote, akisema, pamoja na sababu nyingine, kwamba katika vituo vingine vya Pemba kura zilizidi idadi ya walioandikishwa. Basi siku ile ile, katika majengo yale yale, watu wale wale walikuwa wamempigia kura Rais wa Muungano, na kura hizo hazikufutwa.

Hapa twauliza kama mwalimu asahihishaye daftari: mtoto akikosea hesabu ya tatu, je, twalichana daftari zima? Sanduku lililoshukiwa lingefunguliwa mbele ya mawakala wa vyama vyote, likahesabiwa upya kwa sauti. Badala yake uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, chama cha CUF kikasusa, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Hesabu hiyo ni kubwa kuliko ile ya 2010, lakini kwa maoni yetu ile ndogo ndiyo iliyompa heshima zaidi, maana mshindani wake mwenyewe aliikubali.

Wanafunzi wetu wamelelewa katika mazungumzo hayo. Juzi walipochagua kiranja walidai kopo la kura liwekwe juu ya meza, kila karatasi isomwe kwa sauti, na mmoja wao aandike ubaoni. Aliyeshindwa kwa kura mbili alirudi dawatini, akaazima kalamu, somo likaendelea.