Sabasaba na Mtoto Mchanga: Tumbebe au Tumwache?

Ndugu msomaji, kila ufikapo mwisho wa mwezi wa Juni, mjadala mmoja huingia katika nyumba nyingi za jiji la Dar es Salaam. Wakubwa hupanga siku ya kwenda Sabasaba, watoto wa shule huanza kuhesabu siku zilizobaki, na mwishowe huzuka swali ambalo halijibiwi kwa urahisi: huyu mdogo, ambaye bado ananyonya au ndiyo kwanza anajifunza kutembea, naye aende?

Swali hili si dogo. Kwa familia ya mfanyakazi, nauli ya watu watano kwenda na kurudi, kiingilio, chakula na zawadi ndogondogo ni fedha inayotoka katika mfuko wenye kazi nyingine nyingi. Kodi ya nyumba inasubiri, umeme unasubiri, na sare za shule zinasubiri. Zaidi ya hayo, afya ya mtoto wa mwaka mmoja si kitu cha kufanyiwa majaribio. Inafaa basi tulitazame jambo hili kwa makini, na tuanze na mahali penyewe.

MAHALI PENYEWE

Viwanja vya Mwalimu Julius K. Nyerere viko kando ya Barabara ya Kilwa, katika Wilaya ya Temeke. Ukitoka katikati ya mji, unapita Bendera Tatu na kuendelea kusini kwa njia iendayo Mbagala mpaka unapoona bendera na msongamano wa watu. Hapo ndipo yanapofanyika Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo wananchi wote wanayaita Sabasaba. Jina hilo linatokana na tarehe 7 Julai 1954, siku kilipozaliwa chama cha TANU, ambayo mpaka leo ni siku ya mapumziko nchini. Maonyesho huandaliwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara, TanTrade. Yale ya mwaka 2025 yalikuwa ya 49, nayo yalianza tarehe 28 Juni na kumalizika tarehe 13 Julai.

Ukisha kupita lango, unajikuta katika mji ndani ya mji. Huku ni mabanda ya viwanda na ya nchi za kigeni. Kule ni samani imara za Jeshi la Magereza, ambazo hazikosi watazamaji. Mbele kidogo ni viungo vya Zanzibar, vinavyonukia kabla hujaviona. Katika eneo la maliasili mara nyingi huletwa wanyama walio hai, na hapo ndipo foleni ya watoto huwa ndefu kuliko zote. Kisha ipo michezo: bembea, treni ndogo, farasi wa kuzunguka, na yale majumba ya mpira yanayojazwa upepo ambamo watoto huruka mpaka wakalowa jasho.

Hali ya hewa nayo husaidia, kwani Julai ni kipupwe. Lakini mgeni asidanganyike na upepo wa asubuhi. Ifikapo saa sita jua huwa kali, kivuli huwa haba, vumbi hupanda, na vipaza sauti vya mabanda hushindana kana kwamba kila kimoja kinataka kuwanyamazisha vingine vyote. Siku ya Sabasaba yenyewe watu hujaa mpaka mtu mzima husukumwa asikokusudia kwenda. Wahenga walisema penye wengi pana mengi.

MTOTO ANAONA NINI?

Mwandishi wa makala haya alipata kusimama mbele ya tundu la simba katika viwanja hivyo, karibu na baba mmoja aliyembeba mwanawe wa umri wa mwaka na nusu hivi. Baba alimwinua mtoto juu ya vichwa vya watu na kumwonyesha simba kwa kidole. Mtoto alikitazama kidole. Akageuza shingo, akamwona mwanamke aliyekuwa akisuuza vikombe kwenye ndoo ya maji, akacheka na kupiga makofi. Simba alinguruma, mtoto akaangua kilio, na baba akaondoka huku akisema kwamba kijana wake ni mwoga.

Yule mtoto hakuwa mwoga. Alikuwa na umri wake tu. Kwa mtoto mdogo dunia yote bado ni maonyesho, na ndoo ya maji haipitwi na simba kwa ugeni. Sisi wazazi tunajua kwamba simba haonekani Temeke kila siku, lakini yeye hajui. Ndiyo maana anayekwenda na matumaini ya kumwona mwanawe wa mwaka mmoja akistaajabia yale yanayomstaajabisha yeye mwenyewe, mara nyingi hurudi amevunjika moyo.

Lipo pia suala la kumbukumbu. Watu wazima wengi hawakumbuki chochote kilichowapata kabla ya kutimiza umri wa miaka mitatu hivi. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Picha utakayopiga itakuwa kumbukumbu yako wewe, wala si ya mtoto. Jambo hilo si baya, maana mzazi naye ana haki ya kufurahi. Lakini ni vema ajue kwamba analipia furaha yake, asije akamlaumu mtoto kwa kutoshukuru.

Wala suala hili si letu peke yetu. Huko California, Marekani, bustani ya Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, na mpaka leo mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu haulizwi tiketi. Hata hivyo, michezo yake yenye kasi hupima watoto kwa kimo, na asiyefika alama iliyowekwa hapandi hata akilia. Wazazi wa huko nao hujiuliza kama inafaa kusafiri mbali na mtoto atakayelala nusu ya siku. Kwa wenzetu wa Unguja, siku za Idd watoto huvaa nguo mpya na kupelekwa viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja na Kariakoo ya huko. Furaha hiyo ni ya jioni, saa chache tu baada ya jua kupungua makali. Katika desturi hiyo mna hekima.

UMRI NA KIPIMO CHAKE

Mtoto ambaye hajatimiza miezi tisa, ushauri wetu ni kwamba abaki nyumbani. Chanjo ya surua na rubela nchini mwetu hutolewa anapotimiza miezi tisa, na ya pili katika mwezi wa kumi na nane. Surua huambukizwa kwa hewa, na virusi vyake huweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kumpitisha katika banda lililojaa watu mtoto ambaye hajapata kinga hiyo ni kujitafutia balaa. Yeye hapotezi chochote kwa kukosa Sabasaba.

Ikiwa hapana budi kwenda naye, mathalani kwa kuwa mama yake anauza bandani, basi akae kivulini, mbali na vipaza sauti, na anyonyeshwe mara nyingi kuliko siku nyingine. Aliye chini ya miezi sita asipewe maji hata kama jua ni kali. Maziwa ya mama yanamtosha kwa njaa na kwa kiu.

Mwenye mwaka mmoja mpaka mitatu anaweza kwenda, mradi chanjo zake zimekamilika na siku ikatwe kwa kipimo chake. Saa mbili au tatu zinatosha. Chagueni siku ya kazi mwanzoni mwa maonyesho, mkiweza kupata ruhusa, na mfike asubuhi milango inapofunguliwa. Chagueni vitu vitatu tu vya kuona, kisha mrudi kabla ya usingizi wake wa mchana. Mzazi anayesema, "Tumeshalipa kiingilio, basi tuzunguke kote," amesahau kwamba miguu ya mtoto haikutia sahihi mkataba huo.

Kuanzia miaka minne au mitano mambo hubadilika. Huyo huuliza maswali, hukumbuka, na wiki nzima atawasimulia jirani habari za chatu aliyemwona. Fedha ya familia ikiwa ni ya safari moja tu, ni heri imngojee afike umri huo.

MICHEZO NA HATARI ZAKE

Mzazi asimpandishe mtoto kwenye mchezo kwa sababu tu mwenye mchezo amekubali kupokea fedha. Tazama kwanza unavyozunguka mara moja au mbili. Je, mtoto wako anaweza kukaa wima bila kushikwa? Anaweza kujishika kwa mikono miwili na kufuata anachoambiwa? Kama jibu ni hapana, mchezo huo si wake bado.

Katika majumba ya kujazwa upepo, wakubwa na wadogo wasichanganywe, kwani kijana wa miaka kumi akimwangukia mwenye miaka miwili, mchezo hugeuka msiba. Na kwenye ngazi za kutelezea, wengi hudhani ni salama zaidi kumpakata mtoto na kushuka naye. Kinyume chake ndicho kweli. Mguu wa mtoto ukinasa pembeni, uzito wa mtu mzima humsukuma kwa nyuma, na mfupa wa mguu huvunjika. Mtoto anayeteleza peke yake taratibu, huku mzazi akimngojea chini, yuko salama kuliko aliyepakatwa.

Tahadhari pia vitu vidogo. Karanga na vipande vya puto lililopasuka vinaweza kumziba mtoto koo. Majiko ya mkaa na makarai ya mafuta ya moto, kwa mtoto anayetembea, yako sawasawa na usawa wa uso wake. Chakula chake kitoke nyumbani: uji katika chupa ya chai, ndizi mbivu, na maji yaliyochemshwa kwa aliyepita miezi sita. Chukueni kanga mbili, moja ya mbeleko na moja ya kivuli, na nepi zaidi ya mnavyodhani mtahitaji.

Wengine hupotelewa na watoto. Andika jina la mzazi na namba ya simu kwenye karatasi, uibane kwa pini upande wa ndani wa nguo ya mtoto. Kabla ya kuingia, wekeni mahali pa kukutania panapoonekana kwa mbali. Mtoto akipotea, mmoja abaki pale alipoonekana mara ya mwisho, na mwingine awahi kwa polisi bila kuchelewa.

NANI AMEMBEBA?

Hapa pana jambo moja ambalo hatuna budi kulisema wazi. Katika viwanja vya Sabasaba si ajabu kumwona baba akitembea mikono mitupu, akitazama matrekta na kuuliza bei, huku mama akimfuata nyuma: mtoto mgongoni, mfuko begani, mwingine mkononi. Mama huyo hakuja kutembea. Amehamisha kazi yake ya nyumbani na kuileta juani. Ukimwuliza jioni ameona nini, atakutajia foleni ya choo.

Malezi ni kazi ya wawili. Kama mtoto anapelekwa, basi wabebane kwa zamu: saa moja baba, saa moja mama, na kila mmoja apate kuona alichokijia. Kama mtoto hapelekwi, swali la nani abaki naye lisijibiwe kwa mazoea. Zamani bibi au shangazi alikuwapo uani. Katika vyumba vya kupanga vya mjini mara nyingi hayupo. Familia inaweza kugawa siku mbili: leo baba aende na wakubwa na mama apumzike na mdogo, wiki ijayo mama aende na baba abaki. Gharama haizidi sana, kwani kila mmoja hulipa kiingilio mara moja tu, na wakubwa hawaendi tena mara ya pili.

Wala wakubwa hao wasinyimwe siku yao kwa ajili ya mdogo. Mtoto wa darasa la tatu anayeona mashine ikikamua alizeti mbele ya macho yake amejifunza jambo ambalo kitabu chake hakiwezi kumpa. Yeye ndiye mwenye Sabasaba, wala haifai arudishwe nyumbani saa nne asubuhi kwa kuwa ndugu yake mchanga amelia.

Ndugu msomaji, jibu letu basi ni hili. Mchanga abaki, anayetambaa na anayetembea aende kwa saa chache, na aliyeanza kuuliza maswali apewe siku nzima. Yule aliyebaki nyumbani mpeni ndoo ya maji na kikombe, mkae naye uani. Mwezi wa Julai utarudi mwakani, naye atakuwa ameongeza kimo.