Siku 21 za Melbourne

Nilifika Melbourne kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai, nikitokea Tanga kupitia Dar es Salaam na Doha, nikaukuta mji katikati ya majira ya baridi. Mdogo wangu alinipokea uwanja wa ndege wa Tullamarine kwa "Shikamoo, dada," akanipeleka Footscray, ambako maduka ya Waafrika na ya Wavietinamu yamepangana. Nilikwenda kumwona yeye na kampuni yake ndogo ya malori. Usiku uleule alinionyesha barua iliyomnyima usingizi.

Gereji moja ilimdai fedha za injini iliyobadilishwa bila idhini yake. Matengenezo aliyoyaagiza alikwisha kuyalipa. Injini aliikataa kwa maandishi tangu alipoiona kwenye ankara. Gereji haikwenda mahakamani kuthibitisha deni. Ilituma hati rasmi ya madai chini ya Sheria ya Makampuni ya Australia ya mwaka 2001. Mdai anaweza kuituma bila kuwa na hukumu yoyote, almuradi deni limeiva, halipungui dola 4,000, na ameliapia. Kampuni hupewa siku 21. Zikipita bila kulipa, bila kuelewana na mdai na bila kwenda mahakamani, sheria huihesabu kuwa haina uwezo wa kulipa madeni yake, na mdai ana miezi 3 ya kuomba ifilisiwe.

"Lakini dada, wanajua tunabishana," alisema. "Nimewaandikia mara nyingi."

Asubuhi tulipanda treni hadi Flagstaff, kituo cha chini ya ardhi kilicho jirani na mahakama, tukaenda kwa wakili. Mama yule hakuanza kwa kuuliza nani mwenye haki. Aliuliza hati iliifikia lini ofisi iliyosajiliwa ya kampuni, kwa kuwa siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo. Ofisi hiyo ilikuwa ya mhasibu, na hati ilikaa mezani kwake siku kadhaa, zote zilihesabiwa. Barua za kubishana na gereji hazisimamishi hesabu hiyo. Maombi ya kufuta hati, pamoja na kiapo, lazima yafunguliwe mahakamani na nakala zimfikie mdai ndani ya siku hizohizo 21. Mwaka 1995, katika shauri la David Grant dhidi ya benki ya Westpac, mahakama ya juu kabisa ya Australia iliamua kwamba majaji hawana mamlaka ya kuongeza muda huo.

Tulikusanya barua pepe, ankara na picha za injini. Wakili alisisitiza kila sababu ya ubishi itajwe kwenye kiapo, kwa kuwa sababu isiyoonekana mle ni vigumu kuiingiza baadaye. Nilimwona mdogo wangu, mtu wa usukani, akijifunza kutanguliza tarehe kabla ya hasira. Nyaraka zilifika kote kulikotakiwa kabla ya siku ya mwisho.

Niliongeza muda wa kukaa ili niisikilize kesi. Mahakama Kuu ya Victoria iko William Street, katika jengo la mawe lenye kuba lililokamilika mwaka 1884. Jaji hakuamua nani anamdai nani. Alitafuta jambo moja tu: je, deni hili lina mgogoro wa kweli, au ni maneno ya kupoteza muda? Alipoona barua zilizoandikwa kabla ya hati, alisema mgogoro upo, akaifuta hati na kuiamuru gereji ilipe gharama. Gereji bado inaweza kufungua kesi ya kawaida, mashahidi wahojiwe. Hiyo ndiyo njia ya haki. Kuitishia kampuni ufilisi kwa deni linalobishaniwa ni uonevu.

Ndugu zetu wenye makampuni Australia, hakikisheni barua za ofisi iliyosajiliwa zinawafikia siku ileile. Ubishi uandikeni mapema. Hati ikifika, mwoneni wakili bila kukawia, kwa maana anayefika mahakamani siku ya 22 kuomba hati ifutwe hasikilizwi, hata awe na haki.