Moto Uliokataa Kuwaka kwa Kukosa Maji

Huku kwetu maji ni adui wa moto. Kumbe katika nyumba nyingi za Uingereza moto wa kupasha vyumba haukubali kuwaka maji yakipungua. Wenye watoto au ndugu huko Ulaya huenda wakapigiwa simu ya namna hii siku moja, kwa hiyo nawaeleza.

Boila ya gesi hupasha maji, na pampu huyazungusha katika mabomba mpaka kwenye masanduku bapa ya chuma yaliyo ukutani mwa kila chumba. Ni mfano wa rejeta ya gari, ila hapa joto ndilo linalotakiwa. Maji hayo hayanywewi wala hayaogewi. Ni yale yale huzunguka miezi na miezi. Yamefungiwa ndani, na lazima yawe na msukumo. Kipimo chake huitwa baa, wala si ile ya pombe. Baa 1 ni karibu sawa na msukumo wa maji yatokayo kwenye tangi lililo mita 10 juu ya bomba. Boila ikiwa baridi, mshale wa geji hutakiwa kusimama kati ya 1 na 1.5. Ukishuka mno, boila nyingi hujizima, zisije zikaungua bila maji. Laiti sufuria zetu zingekuwa na akili hiyo!

Mdogo wangu ni muuguzi katika mji wa Leeds. Usiku mmoja wa Januari 2024 alipiga simu kwamba boila imegoma kwa uhaba wa maji, na mtoto wake wa miezi minne amevikwa nguo zake zote. Mama akaninyang'anya simu: "Maji ya nini tena? Washa kuni, mwanangu!" Lakini nyumba ile haina hata dohani.

Mchana wake alikuwa ametoa hewa katika rejeta ya ghorofani, maana ilikuwa moto chini na baridi juu. Hewa ilipotoka, msukumo nao ulishuka. Ndiyo kawaida yake. Ukishatoa hewa, sharti uongeze maji.

Jirani yake, mzee mstaafu, akaja na tochi. Aliizima boila akangoja ipoe. Chini yake palikuwa na mpira mfupi uliosukwa kwa waya, wenye koki mbili, uunganishao bomba la maji ya mji na mabomba ya joto. Alifungua koki ya kwanza, kisha ya pili polepole, jicho likiwa kwenye geji. Mshale ulipofika 1.3 akazifunga zote mbili, akazikaza vema. Hapo ndipo pa kuangalia sana, kwa kuwa koki ikiachwa wazi msukumo hupanda, na ukifika baa 3 valvu ya usalama humwaga maji nje. Boila ikawashwa, ikawaka.

Akamwambia asome geji kila asubuhi juma zima. Mshale ukishuka tena, pengine maji yanavuja mahali, au kile chombo kipokeacho maji yanapotanuka kimeishiwa hewa. Kuongeza maji kila siku ni kuuficha ugonjwa tu, tena maji mapya huleta kutu ndani. Hapo aitwe fundi. Kifuniko cha boila yeye asikifungue kamwe; fundi wa gesi kule sharti awe ameandikishwa katika Gas Safe Register, naye huonyesha kadi yake mlangoni akiombwa.