Juma la Mvua Katika Mji wa Lamu

Mji wa Lamu, ambao wenyeji wake huuita Amu, umo katika kisiwa kidogo cha pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa kuelekea mpaka wa Somalia. Msafiri atokaye bara kwa gari hufika Mokowe, ambako barabara huishia baharini, kisha hupanda mashua na kuvuka mpaka gati ya mjini. Ajaye kwa ndege hushukia kisiwa cha Manda, na yeye vile vile hana budi kuvuka maji. Kwa hiyo kila mtu aendaye Lamu, awe mwalimu, mfanyabiashara, mgonjwa au bibi arusi, huingia mjini kwa idhini ya bahari na upepo. Ndiyo sababu habari za hali ya hewa, ambazo katika miji mingine husikilizwa kwa sikio moja tu, katika mji huu ni jambo la kila nyumba.

Mvua za Lamu haziji ovyo. Kuanzia Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, upepo mkavu, na Januari na Februari ni miezi ambayo mvua ni haba mno. Ifikapo mwisho wa Machi, upepo hulegea na kuanza kugeuka. Jua huwa limeelekea upande wa kaskazini, na ule ukanda wa mawingu ulifuatao jua hupita juu ya pwani. Kisha huingia kusi, upepo uliovuka bahari pana na kubeba unyevu mwingi. Hapo ndipo huanguka masika, ambayo watu wa pwani huiita pia mvua ya mwaka. Nairobi hupata mvua yake kubwa mwezi wa Aprili, lakini Lamu kilele chake ni Mei. Kwa mwaka mzima mji huu hupata kiasi cha milimita 900 za mvua, na karibu theluthi moja ya hizo huanguka katika mwezi huo mmoja.

Wazee wa zamani walikuwa na hesabu yao ya mambo haya. Walianza mwaka wao siku ya Nairuzi, wakaugawa katika miongo, yaani vifungu vya siku kumi kumi, na kila mwongo ulijulikana kwa pepo zake na kazi zake. Mkulima alijua wakati wa kufyeka na wakati wa kupanda, na nahodha alijua wakati wa kung'oa nanga. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi yakarudi kwa kusi. Kusi ilipokaza, vyombo vilivutwa pwani vikatengenezwa, na watu wakasema kwamba bahari imefungwa.

Siku hizi hesabu hiyo imepata mwenzake. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa siku saba kwa kila sehemu ya nchi, nao husomwa katika redio na kusambazwa kwa simu. Lakini kusoma utabiri ni kazi ipasayo kujifunza, maana maneno yake yana vipimo. Ikisemwa mvua itanyesha katika sehemu chache, maana yake ni chini ya theluthi moja ya eneo lililotajwa. Sehemu kadhaa ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili, na sehemu nyingi ni zaidi ya hapo. Basi asiyenyeshewa asikimbilie kusema kwamba alidanganywa. Huenda jirani yake wa ng'ambo amelowa.

Tena, mvua ipitayo milimita 20 kwa muda wa saa 24 huhesabiwa kuwa kubwa. Milimita 20 ni neno dogo mdomoni, lakini si maji madogo. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 1,000. Mwenye mfereji na tangi hupata maji ya siku nyingi. Asiye navyo hupata matope mlangoni.

Juma la mvua katika Mei huwa na desturi yake. Mara nyingi mvua hushuka usiku na alfajiri, mawingu yakitoka baharini kama ukuta mweusi. Asubuhi hunyesha kwa nguvu, kisha mchana huanuka, jua likatoka kwa ukali, na mvuke ukapanda kutoka kwenye mawe. Alasiri huenda yakaja manyunyu tena. Joto halipungui sana, lakini nguo hazikauki, chumvi huyeyuka katika chombo chake, na viatu huota ukungu.

Mjini kwenyewe, katika mitaa ya Mkomani na Langoni, vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Mji umejengwa mahali penye mteremko, na mvua ikishika, maji ya huko juu hutafuta njia ya kwenda baharini kupitia mitaro ya vichochoroni. Mtaro uliojazwa takataka hauwezi kazi hiyo, na maji huingia madakani na vyumbani. Adui wa jirani wakati wa masika, basi, si mvua peke yake, bali ni mtu aliyetupa uchafu mtaroni wakati wa kiangazi.

Nyumba za kale nazo zina hofu yake. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Mji huu wa kale uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa sababu ya majengo hayo na maisha ya watu wake. Lakini sifa haizuii maji. Ufa mdogo wa sakafu ya juu ukiachwa, mvua hupenya mpaka kwenye boriti, boriti huoza kimya kimya, na siku moja ukuta uliosimama kwa vizazi vingi huanguka. Mwenye nyumba mwenye busara hupaka chokaa yake wakati wa kaskazi, wala hangoji kusikia tone la kwanza.

Kwa watu wa baharini, mvua si jambo kuu. Jambo kuu ni upepo. Hapa ndipo wageni hukosea. Abiria husimama gatini, akaona mawingu yamepasuka, akamwambia mwenye mashua: "Nahodha, jua limetoka, mbona hatung'oi nanga?" Naye nahodha humjibu: "Jua ni la juu, bwana, mimi nasafiri huku chini." Yeye anatazama mawimbi ya nje ya mlango wa bahari, na kujaa na kupwa kwa maji. Katika bamvua maji hukimbia kwa nguvu. Katika maji mafu huenda taratibu. Vyombo viendavyo kisiwa cha Pate, penye miji ya Siyu, Faza na Kizingitini, hupita katika mkanda mwembamba kati ya Manda na bara, nao hutaka maji yaliyojaa. Wakati ukimpita nahodha, hana budi kungoja maji mengine.

Kungoja huko si jambo la mchezo. Huenda chomboni mna mama mwenye uchungu wa kuzaa, au mtoto mwenye homa kali, anayepelekwa hospitali ya Lamu. Hapo ndugu humshika nahodha kwa maneno, na nahodha hupima roho moja kwa roho za watu wote waliopanda. Kwa sababu hiyo, jamaa wenye mgonjwa au mja mzito aliye karibu na siku zake hufanya vema kumvusha mapema, utabiri unapotaja upepo mkali, kuliko kungoja mpaka haja iwe ya usiku. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, Serikali ya Kenya ilikataza uvuvi na michezo ya pwani mpaka hatari ipite. Kimbunga kilipungua nguvu, na wako waliosema kwamba watu walitishwa bure. Lakini mvuvi aliyelala nyumbani kwake siku mbili hupoteza kitoweo tu, na kitoweo hupatikana tena.

Barabara ya Lamu ina hali ya hewa yake, nayo haitoki Lamu. Gari liendalo Malindi hupita Witu, kisha nchi tambarare ya karibu na Garsen, ambako Mto Tana hujitawanya kabla ya kuingia baharini. Mto huo, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, huanza katika Milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukatembea kiasi cha kilomita 1,000. Mvua iliyonyesha huko milimani huchukua siku nyingi kufika chini. Basi inaweza kutokea kwamba Lamu ni kukavu, mbingu ni za buluu, na hata hivyo barabara imezama. Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yaliifunika barabara hiyo upande wa Gamba, magari yakakwama na bidhaa zikapungua mjini. Msafiri wa Lamu aliyesoma utabiri wa Lamu peke yake amesoma nusu ya barua. Nusu nyingine imeandikwa Nyeri na Meru.

Lakini ng'ambo ya Mokowe, katika mashamba ya Hindi, Witu na Mpeketoni, mvua hiyo hiyo hupokewa kwa furaha. Mahindi yaliyopandwa mwanzo wa masika huitaka Mei kama mtoto atakavyo maziwa. Mkulima hasikitiki kwa mvua ya juma zima. Husikitika kwa mvua ya siku moja ifuatwayo na jua la majuma matatu. Kwa hiyo yeye husoma utabiri kwa macho mengine. Nahodha hutafuta neno upepo. Mkulima hutafuta hesabu ya siku za mvua. Dereva hutafuta habari za mto. Karatasi ni moja, lakini kila mtu ana mstari wake, na hasara nyingi hutokea kwa mtu kusoma mstari wa mwenziwe.

Uko mstari mmoja tu ulio wa watu wote. Nyuma ya kijiji cha Shela yako machuguu makubwa ya mchanga, ambayo mgeni huyaona kuwa mahali pa kutembelea tu. Kumbe hayo ndiyo ghala la maji ya mji. Mvua inapoangukia mchanga haikimbilii baharini. Huzama chini, ikakaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji baridi ni mepesi zaidi. Visima vya Shela huteka katika tabaka hilo. Yakitekwa kupita kiasi, au machuguu yakijengwa majumba na kuchimbwa, chumvi hupanda kisimani, na kuirudisha chini ni kazi ya miaka mingi. Katika visiwa vingine visivyo na mchanga wa namna hiyo, watu hutegemea majabia, mabirika makubwa yaliyojengwa kukusanya maji ya mvua, na jabia lisilosafishwa kabla ya masika ni sawa na ghala lisilo na mlango.

Basi juma la mvua likiisha, kila mtu hufanya hesabu yake. Mwenye mashua huhesabu safari zilizompotea, mvuvi siku alizolala, mwenye nyumba nyufa alizoziona, na mkulima mistari ya mahindi iliyosimama. Huko Shela hakuna aonekanaye akihesabu. Mchanga wa juu hukauka kwa jua la siku moja, lakini chini yake maji yanaendelea kushuka polepole, nayo ndiyo watakayokunywa wote hao mwezi wa Februari, wakati mawingu yatakapokuwa yamesahauliwa.