Kanisa Kuu la Mkunazini

Sisi tukaao Mtoni twayajua magofu ya jumba la Seyyid Said: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hazina dari. Tukiifuata njia ya pwani hata mjini, tukapita Darajani na kuingia Mkunazini, twaona nyumba iliyojengwa kwa matumbawe vile vile, nayo ingali imesimama imara. Ndiyo Kanisa Kuu la Kristo.

Mahali hapo palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mapatano, soko likafungwa. Na siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874.

Madirisha yake membamba, yenye ncha juu, yafanana na ya makanisa ya kale ya Uingereza. Lakini dari lake ni la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, limepindwa mfano wa mtumbwi uliofudikizwa. Wengi walidhani litaanguka, halikuanguka.

Upande wa kubatizia zimo nguzo 12 zilizosimamishwa kichwa chini. Yasemwa kwamba Steere alikuwa safarini, na mafundi hawakupata kuona nguzo za namna hiyo. Aliporudi aliziacha, nazo zingali vivyo hivyo.

Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru nyeupe sakafuni. Ni alama ya mahali pa mti ambapo watumwa walifungwa na kupigwa mijeledi. Karibu na hapo pana msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Steere mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Walimu watakaowaleta watoto, na wawasimamishe kwanza penye duara lile, kabla ya kuwaonyesha nguzo. Tena wasiwafiche neno moja: kufunga soko hakukuwa kufungua minyororo yote. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897. Kwa miaka mingi kengele iliita watu kusali, na nje ya kuta hizi walikuwapo wenzao wasio na ruhusa ya kwenda watakako.